Nina Crown Zero, niiuze nichukue Athlete?

Mwezi huu zimenifikia barua tatu kutoka Tanga mjini na zote zinahusu Toyota Crown, nimeona niziweke pamoja. Majina sikuyaandika, kama wenyewe walivyoomba.

Swali, kutoka Chumbageni

Assalaam aleikum mwandishi. Mimi nakaa Chumbageni, duka langu la vifaa vya ujenzi lipo Ngamiani. Nina Crown Royal Saloon ya 2005, hii watu wanaita Zero, injini 2.5, namba D. Gari imenibeba vizuri mno, Dar naenda kila mwezi kufuata mzigo, harusi misiba yote hiyo hiyo. Ila sa hivi imeanza kula oili, asubuhi nikiwasha inatoa moshi kidogo halafu unakata, na mbele kuna mlio nikipita kwenye matuta. Sasa kuna dalali kaniambia atanipa 11 milioni nimwachie, halafu nichukue Crown Athlete ya 2013, ile ya umbo jipya, 2.5, kuna yadi Dar wanaiuza 34 milioni. Nina 15 mkononi, inayobaki nakopa saccos. Mke wangu hataki kabisa, anasema hela tumalizie nyumba. Lakini washkaji zangu wote wameshahama Zero nimebaki mimi. Nishauri na usinifiche.

Jibu

Waaleikum salaam kaka. Sikufichi: kwa hiyo gari unayoitaja, 2013 yenye 2.5, usiuze ya kwako. Na sababu ya kwanza iko chini ya boneti kabla hata hatujafika kwenye hela.

Zero ilipotoka Japani mwisho wa 2003 Toyota waliachana na zile silinda sita za mstari mmoja za Crown za nyuma, wakaweka V6 mpya, na ya 2.5 ndo hii 4GR-FSE unayoendesha wewe. Ikaja Crown ya 2008, ya 2.5 ikabaki na 4GR-FSE. Ikaja hiyo ya umbo jipya mwisho wa 2012, ambayo ndo Athlete imekukaa moyoni, na ya 2.5 ukifunua boneti unakutana na 4GR-FSE ile ile. Sasa angalia unachotaka kufanya, unatoa 23 milioni juu ya gari yako ili uende kwenye injini uliyonayo tayari, na shida hiyo hiyo ya oili unaweza kuikuta kule, tena kwenye gari ambayo hujui aliyekuwa nayo alikuwa anamwaga oili lini na alikuwa anaweka oili gani. Ya kwako unaijua. Mimi hapo naona kitu kikubwa sana ambacho watu hawakitilii bei.

Tuje kwenye hiyo oili maana ndo inayokukimbiza. 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za zamani petroli inapita kwanza juu ya valvu za kuingizia hewa na inaziosha njiani, huku haipiti kabisa, kwa hiyo ule mvuke wa oili ambao injini inaurudisha kwenye njia ya hewa unatua kwenye valvu unakauka. Siku fundi akivua manifoldi mwambie akuonyeshe, utaona shina la valvu limevaa masizi meusi mazito yanakwaruzika kwa bisibisi, na hapo ndo gari inatetemeka ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inanguruma tu, na inakuwa nzito kuondoka. Hiyo inasafishwa, wala si mwisho wa injini.

Moshi wenyewe unasema mengi ukiuangalia vizuri. Ukitoka asubuhi tu wakati wa kuwasha halafu ukakata, kama ulivyoandika, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili inachuruzika usiku inaungua asubuhi. Ukitoka wakati unakanyaga mafuta kupanda mlima, hapo wasiwasi unakuwa kwenye ringi za pistoni, zimejaa kaboni zimekwama, na hiyo ndo kazi kubwa ya kufungua injini. Halafu kuna valvu ndogo ya kupumulia injini, PCV, kakitu kadogo ka bei ndogo, ikiziba injini inasukuma oili isikotakiwa. Mafundi wengi wanairuka wanakimbilia kukwambia injini imekufa tafuta nyingine, na ukiwasikiliza utauza gari kwa ajili ya kitu ambacho kingeisha kwa siku moja gereji.

Kwa hiyo fanya hivi safari yako ijayo ya Dar. Gari iwe pahala pa tambarare, injini imezimwa imetulia dakika chache, vuta kijiti cha oili, futa, rudisha, vuta tena, weka alama ilipofika. Nenda zako kwa Segera na Chalinze, hiyo ni kama kilomita 350, ukifika pima tena vile vile, na ukirudi Tanga pima tena. Vitabu vya Toyota vinavumilia mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000. Ukikuta uko chini ya hapo tena mbali, wewe unatembea na gari ya 2005 yenye afya ya umri wake, weka sili na PCV uendelee na maisha. Ukikuta imepita, au ile moshi wa kupanda mlima upo, fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda moja moja zote sita, na akuandikie namba kwenye karatasi, asikwambie tu kwa mdomo kwamba iko poa.

Mlio wa mbele kwenye matuta sitaki nikupotezee muda, ni bushi za lowa amu, linki za stablaiza au boljointi, na kwa matuta ya barabara yetu hata hiyo Athlete utazibadilisha. Nunua nzuri, basi.

Kitu ambacho mimi ningekiangalia kwa makini zaidi ya injini ni kutu, kwasababu wewe upo Tanga. Hewa yetu ina chumvi na gari inayolala nje upande wa bahari inaliwa taratibu mwenyewe huoni. Inua zulia la buti upapase pembeni kwa vidole, angalia sehemu za kuwekea jeki chini ya milango, angalia ndani ya kingo za matairi ya nyuma. Kutu ya juu juu inakwanguliwa inapigwa dawa. Lakini kama bodi imetoboka pale jeki inapokaa, au pale shokapu inapofungwa juu, hapo na mimi nabadilika, nakwambia pokea hiyo 11 haraka. Bodi ya gari ya hivi kurudi kama ilivyokuwa ni kazi ngumu na mara nyingi haidumu, injini inatibika.

Sasa hela. Wengi hawajui ndani ya bei ya yadi kuna nini. Gari ikija kutoka Japani TRA wanaanza na thamani yao wenyewe pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini, juu yake ushuru wa forodha 25%. Ukijumlisha hivyo viwili unapigwa ushuru wa bidhaa, 10% kama injini imezidi cc 2,000, na 5% kama ipo kati ya 1,000 na 2,000. Juu ya jumla hiyo hiyo kuna uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 ni 15%, ikipita miaka 10 ni 30%. Halafu VAT 18% juu ya vyote hivyo. Tuseme gari imethaminiwa 20 milioni, injini 2.5, imepita miaka 10: forodha 5 milioni, bidhaa 2.5, uchakavu 7.5, VAT 6.3, jumla 21.3 milioni na bado tozo ndogo ndogo na usajili. Kodi imeizidi gari yenyewe. Na uchakavu peke yake ukiuchanganya na VAT yake ni karibu 9 milioni ambazo umelipa kwasababu tu gari ni ya zamani, huzioni kwenye siti wala kwenye taa wala kwenye injini. Athlete ya 2013 ikiletwa leo inabeba hiyo 30% yote, na yadi wanakupa wewe uilipe.

Ndo maana naumia nikiona mtu anatoka kwenye gari ya zamani kwenda kwenye nyingine ya zamani kwa mkopo. Hiyo 8 milioni ya saccos itakatwa kila mwezi, na gari ya 34 huwezi kuitembeza na bima ndogo, itabidi ukate bima kubwa, na usipoikata siku ikigongwa una deni na huna gari. Hata ukiiweka Zero yako mezani ukatumia 4 milioni kwa sili, kusafisha valvu, bushi zote za mbele, shokapu na matairi mapya, bado umebaki na 11 mkononi na hujakopa hata shilingi. Shemeji ana hoja. Mabati na madirisha ukiyaweka mwaka huu yanakaa, na bei ya vifaa vya ujenzi wewe ndo unayeuza unaijua inavyoenda.

Nisikunyime haki ya upande wa pili. Athlete ile ni gari nzuri, imetulia zaidi barabarani, kimya ndani, na ina umri mdogo kwa miaka minane kwa hiyo mpira na waya na plastiki zake hazijakauka kama za kwako. Ila ujue kiyoyozi chake unakiendesha kwa kioo kidogo cha kugusa katikati ya dashibodi chenye maandishi ya Kijapani, sio vitufe kama vya Zero, kikisumbua ndo ujue spea yake utaifuata Dar au uiagize.

Kama roho haitulii na unataka kuhama kweli, basi subiri uhame kwenda kwenye gari tofauti. Mwaka 2015 mwishoni Athlete ilifanyiwa marekebisho wakaiongezea injini ya 2.0 yenye tabo, 8AR-FTS, na giaboksi ya gia 8. Hiyo inapuliza petroli njia zote mbili, ndani ya silinda na juu ya valvu, yale masizi yanapungua sana, na kwa sababu ni cc 1,998 ushuru wa bidhaa unashuka kutoka 10% kuwa 5%. Kwenye mfano wetu wa 20 milioni hiyo ni kama milioni moja na nusu inabaki mfukoni. Na Crown iliyofuata, ya katikati ya 2018, ile ambayo hawakuweka tena majina ya Royal wala Athlete, nayo ina hiyo 2.0 ya tabo. Hiyo ndo kuhama. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, weka mwaka na modeli, uone kodi yake kabla hujaongea na dalali yeyote.

Na usidanganywe na rangi na grili, soma chesisi. Zero ya 2.5 kama yako inaanza GRS180. Umbo jipya la 2.5 ni GRS210. Ukiona GRS211 hiyo inavuta matairi manne, hizi Wajapani wanazinunua sana sehemu za theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, kwa hiyo ingia chini yake na tochi kabla hujasifia rangi, halafu na mafuta inakunywa zaidi. ARS210 ndo ya tabo. AWS210 ndo haibridi, ya petroli na umeme. Muuzaji akikwambia ni haibridi na chesisi inaanza GRS210, ondoka. Omba na karatasi ya mnada wa Japani, gredi ya 4 au 4.5 ndo unayoitaka, ikiandikwa R au RA ilishapata ajali ikarekebishwa, na kilomita zilizoandikwa pale zilingane na za kwenye dashibodi. Yadi ikikosa karatasi hiyo peleka gari kwa fundi wako mwenyewe, sio wa kwao, aipime kwa mashine na aitazame chini.

Kuhusu washkaji, kaka, hao hawatakuja kulipa marejesho ya saccos.

Swali, kutoka Raskazone

Habari kaka. Mimi nina Athlete 2.5 ya 2014, naipenda ila mafuta yananimaliza, napata kilomita 8 kwa lita kwa mizunguko ya mjini na Muheza. Natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi. Nimepata mtu tubadilishane na haibridi ya modeli hiyo hiyo nimuongezee 10 milioni. Fundi ananitisha betri. Nifanyeje?

Jibu

Salama dada. Tupige hesabu ya kwako. Kilomita 1,000 kwa 8 ni lita 125. Haibridi ile kwenye vipimo vya Japani iliandikwa kilomita 23.2 kwa lita, hiyo ni ya maabara, tuseme wewe huku kwenye joto na kiyoyozi kimewaka muda wote upate 14, inakuwa lita 71. Umeokoa kama lita 54. Bei weka ile ambayo EWURA wanatangaza kila mwezi kwa Tanga, kwa hesabu rahisi tushike 3,000, unaokoa kama laki na sitini kwa mwezi. 10 milioni yako itarudi baada ya miaka 5 na zaidi, na hapo betri isikuguse hata mara moja. Kwa kilomita hizo mimi nisingebadilisha. Ungekuwa unaenda Dar kila wiki ningeongea mengine.

Betri nayo fundi anakutisha zaidi ya inavyostahili. Ni ya nikeli, ipo nyuma ya siti ya nyuma, ndo maana buti ya haibridi ni ndogo, na adui yake mkubwa ni joto. Inapozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, ikijaa vumbi na nywele za mazulia betri inachemka na inazeeka kabla ya wakati. Kwa hiyo ukiwahi kununua haibridi yoyote, feni na njia yake ya hewa ndo kitu cha kwanza kusafishwa, halafu apime voltiji za kila kundi la seli kwa mashine, zikipishana sana betri imechoka na bei ishuke kwa kiasi cha betri. Na yule fundi ambaye hajawahi kufanya haibridi asiguse zile nyaya za rangi ya chungwa, zina umeme wa kuua, hilo halina mjadala.

Kwa sasa osha valvu za Athlete yako, badilisha plagi zote sita, angalia upepo wa matairi. Gari ya 4GR yenye valvu chafu kula zaidi ni kawaida, na kilomita moja au mbili kwa lita zinaweza kurudi.

Swali, kutoka Makorora

Oya bro, mi nilimuuzia jamaa Zero yangu mwaka jana nikachukua Mark X. Alinipa nusu, nusu analipa kidogo kidogo. Kadi bado jina langu. Sasa nikiangalia namba ya gari naona faini za barabarani zimejaa na yeye hapokei simu. Nimekwama au?

Jibu

Mdogo wangu, kwa serikali hiyo gari bado ni yako. Faini zinafuata namba, na akimgonga mtu wataanza na jina lililo kwenye kadi. Kama mliandikiana, chukua hiyo karatasi uende kwa wakili amwandikie barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kulipa, na nakala ubaki nayo. Kama hamkuandikiana kabisa tafuta zile meseji na miamala ya simu aliyokutumia, zote zihifadhi, usifute hata moja, hizo ndo ushahidi wako kwamba ilikuwa biashara. Angalia pia bima inaisha lini maana ikikatika na gari ipo barabarani kwa jina lako tatizo linakuwa kubwa mara mbili.

Akikubali kumaliza, hesabu faini zote kwanza zikatwe upande wake, akupe hela ya mwisho, na siku hiyo hiyo nendeni wote wawili mkafanye mabadiliko ya umiliki TRA, kila mtu na TIN yake na kitambulisho cha NIDA, na mkataba wenye muhuri wa wakili. Kuna ushuru wa stempu na ada ya kubadili kadi, kubalianeni nani analipa kabla hamjatoka nyumbani. Kadi ya zamani usimpe mkononi mpaka mko pale dirishani.